Nextstrain: rivyuu ya mfugaji wa kuku anayetaka kujua mafua ya ndege yamefika wapi

Wafugaji wenzangu na nyie mnaouza mayai, vifaranga na kuku wa kuchinja, leo naleta rivyuu ya kitu ambacho hakiuzwi dukani. Sio chanjo, sio chakula cha kuku wa mayai, ni websaiti inaitwa Nextstrain. Naileta kwasababu kila zikitoka habari za mafua ya ndege magrupu yetu ya watsapu yanajaa voisi za watu wanasema kirusi kishabadilika, kishahamia kwa binadamu, tumekwisha, wateja wanagoma kununua broila, bei inashuka, alafu ukiuliza kimebadilika nini na wapi hakuna anayejibu. Hii websaiti inajibu, tena kwa picha. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu niliyoikata nitaielezea huko chini mana inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko mtu wa Ulaya.

Kwanza ni nini. Nextstrain ilianzishwa na Trevor Bedford wa kituo cha Fred Hutch kule Seattle Marekani pamoja na Richard Neher wa Chuo Kikuu cha Basel Uswisi, na mwaka 2017 ilishinda tuzo ya Open Science Prize. Wengi waliijua wakati wa korona. Maabara za dunia nzima zikisoma jeni za kirusi zinaweka matokeo kwenye hifadhi za kimataifa kama GenBank, Nextstrain inayachukua inayapanga kuwa mti wa ukoo, yaani kirusi hiki kimetokana na kile, viliachana lini, kwenye mnyama gani, nchi gani. Kila doa kwenye ncha ya tawi ni sampuli halisi iliyotoka kwa kuku au bata au ng'ombe au mtu. Pembeni kuna ramani ya dunia, chini kuna grafu inayoonyesha ni sehemu zipi za jeni zinabadilika sana. Hulipii, hujisajili, na programu yenyewe iko wazi, yeyote anayejua mambo hayo anaweza kuichukua akaitumia na data zake.

Ili uifaidi lazima ujue kidogo tabia ya huyu kirusi. Kirusi cha mafua kijeni ni kidogo sana, vipande 8 vya RNA (kemikali iliyobeba jeni zake), ukiviunga vyote unapata herufi kama 13,500 hivi. Kikiingia kwenye seli kinajinakili kwa kimeng'enya chake chenyewe kinaitwa polimerasi, na hicho kimeng'enya hakirudi nyuma kuhakiki kilichoandika kwaiyo makosa ni mengi mno. Watu wakisikia kirusi kinabadilika wanafikiri kinapanga kutuvamia, hapana, hakipangi chochote, kinakosea tu muda wote, makosa mengi yanakiua au hayakifaidishi kitu, machache yanakisaidia pale pale kilipo na hayo ndo yanabaki kwasababu virusi vilivyonayo vinazaliana kuliko vingine. Na kosa linalosaidia kwenye utumbo wa bata sio lazima lisaidie kwenye pua ya mtu. Hili ukilishika, nusu ya uvumi wa mitandaoni unakosa pa kusimama. Kwenye Nextstrain unachagua kipande unachotaka, PB2, PB1, PA, HA, NP, NA, M au NS, kila kimoja kina mti wake.

Mimi huwa naanzia PB2. Hiki kipande kinatengeneza sehemu mojawapo ya hiyo polimerasi, na kuna nafasi namba 627 ambayo ukikaa na watu wa mafua dakika kumi lazima waitaje. Kwenye virusi vya ndege vingi hapo kuna asidi amino (tofali la kujengea protini) inaitwa glutamiki, wanaiandika E. Kwenye virusi vilivyoishi na binadamu muda mrefu, kuanzia vile vya janga la mafua la 1918, hapo kuna lisini, wanaiandika K. Sababu yake ni kwamba kirusi hakiwezi kujinakili peke yake, kinategemea protini ya mwenyeji (mnyama au mtu kilichomwingia) inaitwa ANP32A, sasa ANP32A ya kuku ina kipande cha ziada cha asidi amino 33 ambacho ya kwetu sisi na wanyama wengine wanaonyonyesha haina. Polimerasi iliyozoea kuku ikiingia kwa mtu inaikuta hiyo protini fupi, inafanya kazi kwa kusuasua, ila ile E ikigeuka K inachangamka. Ni kundi la Wendy Barclay wa Imperial College London lililolionyesha hili mwaka 2016, na kabla ya hapo watu walijua tu kwamba 627 ni muhimu bila kujua vizuri inafanyaje kazi. Na joto lipo pia kwenye hesabu, mwili wa kuku unafika nyuzi 41 hivi, pua ya mtu ni kama 33, na hiyo K inakisaidia kirusi kufanya kazi kwenye ubaridi wa pua.

Kwenye websaiti unaenda kushoto sehemu ya kuchagua rangi, unachagua jenotaipu (Genotype), unaandika PB2 na 627, mti mzima unabadilika rangi hapo hapo, wenye E rangi yao na wenye K rangi yao. Hiki kitendo kimoja ndo kilichonifanya niipende hii huduma. Mana kulikuwa na ujumbe unazunguka kwamba kuna mtu Texas amekutwa na kirusi chenye 627K kwaiyo janga limeshaanza. Kukutwa nayo ni kweli, alikuwa mfanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa, Machi 2024, sampuli yake inaitwa A/Texas/37/2024, alichougua ni macho mekundu tu. Lakini fungua mti. Doa lake liko kwenye tawi la peke yake karibu na shina la mlipuko wa ng'ombe, na hakuna mtu mwingine aliyechipuka kutoka kwake. Kiliingia kwa huyo mtu kikaishia hapo. Hiyo tofauti kati ya kirusi kumpata mtu na kirusi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu ndo kila kitu kwenye hii habari, na hakuna makala niliyosoma iliyonielewesha haraka kuliko kuliangalia lile doa lililosimama peke yake.

Alafu usiishie hapo, chagua mti wa miaka yote urudi hadi 2005. Mwaka ule ndege wa mwituni, mabata bukini hasa, walikufa kwa maelfu kwenye Ziwa Qinghai kule China, na virusi vya ukoo ule vilikuwa tayari na K pale 627, yaani ndani ya ndege wenyewe. Ukoo huo ndo uliosafiri hadi Ulaya, ukaingia Nigeria Februari 2006, ukaingia Misri ukakaa. Misri zaidi ya watu 350 waliugua kwenye miaka iliyofuata, 120 hivi wakafariki, na hiyo K ilikuwepo muda wote na bado kirusi hakikuweza kusambaa mtu hadi mtu. Geuza upande wa pili, mafua ya nguruwe ya 2009 yalizunguka dunia nzima yakiwa na E ile ile ya ndege pale 627, mana yalikuwa na mabadiliko mengine jirani kwenye nafasi ya 591 yanayofanya kazi hiyo hiyo. Kwaiyo mtu akikutumia alama moja tu kama ushahidi wa janga mwambie alama moja haitoshi, na hii sio kauli ya kutuliza watu, mti wenyewe unaonyesha.

Sasa HA. Hii ndo protini ya juu ambayo kirusi kinaitumia kuing'ang'ania seli, kinashika sukari fulani zinaitwa asidi sialiki. Za ndege zimeungwa kwa namna inaitwa alfa 2,3, za kwenye pua na koo la mtu zimeungwa alfa 2,6. Kirusi cha ndege kinapenda 2,3. Na sisi 2,3 tunazo, ila ziko ndani kabisa kwenye mapafu na nyingine kwenye macho. Hapo unapata maelezo ya mambo mawili kwa mpigo, kwanini wafanyakazi wengi wa mashamba ya maziwa Marekani waliishia macho mekundu, na kwanini H5N1, yaani haya mafua ya ndege tunayoyaongelea (H ni aina ya HA, N ni aina ya NA, protini nyingine ya juu), ikifanikiwa kushuka hadi mapafuni inaua vibaya lakini haitoki kirahisi kwenda kwa mtu mwingine, mana kirusi cha kuambukiza kwa kukohoa na kupiga chafya kinatakiwa kijazane huku juu, puani na kooni. Shirika la Afya Duniani toka 2003 limehesabu zaidi ya wagonjwa 900 wa H5N1 na karibu nusu walifariki, ingawa hapo kumbuka anayeumwa kidogo mara nyingi hapimwi kwaiyo hiyo nusu sio kipimo cha kila aliyeambukizwa.

Nafasi ya kuangalia kwenye HA ni ile wanayoiita 226. Virusi vya janga la mafua la 1957 na la 1968 vyote vilibadilika pale 226 na 228 ndipo vikapata kushika sukari za binadamu. Desemba 2024 watafiti wa taasisi ya Scripps kule California walichapisha kwenye jarida la Science kwamba HA ya kile kirusi cha Texas, ukibadilisha 226 peke yake kutoka Q kuwa L (nazo ni herufi za asidi amino), kwenye maabara inaanza kupendelea sukari ya binadamu. Hii mimi nakubali ni habari ya kukosesha usingizi, mana huko nyuma ilidhaniwa yanahitajika mabadiliko kadhaa. Na mwezi kabla yake kuna kijana British Columbia kule Canada aliyelazwa hali mbaya sana kwa wiki kadhaa, sampuli zake zilionyesha mchanganyiko pale 226, baadhi ya virusi vimebadilika na vingine bado, pamoja na 627K juu yake. Alipona, na hakuna mwingine aliyekutwa ameambukizwa kutoka kwake. Ukimtafuta kwenye mti unamkuta katikati ya virusi vya ndege pori vya kundi la D1.1, tawi mojawapo la H5N1, sio karibu na ng'ombe.

Hapa kuna mtego ambao Nextstrain haikushiki mkono kuuvuka. Hiyo 226 ni hesabu ya H3, aina nyingine ya HA. Kwenye H5 yenyewe nafasi hiyo hiyo ni 222, na ukihesabu kuanzia mwanzo kabisa wa protini pamoja na kile kipande cha mbele kinachokatwa inakuwa 238. Ukiandika 226 bila kujua unaangalia sehemu nyingine kabisa unapata rangi moja mti mzima unajiambia kumbe hamna shida. Andika pembeni namba zote tatu kabla hujaingia. Kwa PB2 hakuna huu mkanganyiko, 627 ni 627.

Kwa anayeuliza basi yanatakiwa mabadiliko mangapi, kuna majaribio ya 2012 ambayo mpaka leo watu wanabishana kama yalipaswa kufanyika. Ron Fouchier wa Erasmus MC Rotterdam na Yoshihiro Kawaoka wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kila mmoja na kundi lake, walipata virusi vya H5 vinavyoambukiza kwa hewa kati ya fereti, wanyama wadogo jamii ya vicheche ambao mafua yao yanafanana na yetu. Kile cha Fouchier kilikuwa na mabadiliko kama matano ya msingi, mawili kwenye sehemu ya kushika sukari, moja lililoondoa sukari iliyokuwa imefunika sehemu hiyo, moja lililoiimarisha HA isifunguke mapema kwenye asidi, na ile 627K. Watafiti wenyewe walisimamisha kazi ya aina hii kuanzia Januari 2012 kwa mwaka mzima. Nikiangalia mti huwa nakumbuka hiyo orodha, mana kinachotafutwa sio alama moja moja zilizotawanyika huku na kule, ni alama hizo kukutana ndani ya kirusi kimoja alafu kirusi hicho kiendelee kuzaa. Na hata hapo kuna kizuizi kingine, seli zetu zina protini za ulinzi kama MxA na BTN3A3 zinazozuia virusi vingi vya ndege, hizo zinakwepwa kwa mabadiliko kwenye NP, na NP nayo ina mti wake pale.

Kitu kingine rahisi, badili rangi iwe kwa mwenyeji. Utaona madoa ya binadamu kwenye H5N1 mengi yametapakaa, moja huku moja kule, kila moja limeshikiliwa na ndege au ng'ombe waliolizunguka. Kama ungeona shada zima la binadamu linakua na kuchipua matawi mapya miezi na miezi bila ndege katikati, hapo ndo ungejua mambo yamebadilika. Visa vichache vya mtu kumwambukiza mtu viliwahi kutokea, kinachojulikana zaidi ni cha familia moja wilaya ya Karo, Sumatra kaskazini, Mei 2006, lakini mnyororo ulikatika wenyewe. Mimi jicho langu liko kwenye hayo mashada.

Kwa wanyama wengine wanaonyonyesha mashada yapo tayari na ndo sehemu iliyonisikitisha zaidi. Simba bahari wa Peru na Chile kuanzia mwisho wa 2022, alafu 2023 sili tembo wa Península Valdés Argentina, zaidi ya watoto 17,000 walikufa msimu mmoja, na virusi vya huko vina D701N na Q591K kwenye PB2 (herufi ya zamani, nafasi, herufi mpya), alama zinazofanya kazi karibu na ile ya 627K. Ile kwamba alama hizo zinajirudia sampuli kwa sampuli kwenye pwani ile ndo ilionyesha kirusi kilikuwa kinapita mnyama kwa mnyama. Ng'ombe wa Marekani nao wana ukurasa wao maalum. Tangazo lilitoka Machi 25, 2024 lakini mti unaonyesha shina moja lililoanza mwisho wa 2023 au mwanzo wa 2024, yaani kirusi cha kundi la B3.13 kiliruka kutoka kwa ndege mara moja tu, kikazunguka kimya kimya miezi kadhaa kwa mashine za kukamulia na ng'ombe wanaosafirishwa jimbo hadi jimbo. Kiwele cha ng'ombe kina zile sukari za alfa 2,3 za kutosha ndo mana maziwa yalijaa virusi, na paka wa mashambani waliokunywa maziwa mabichi walikufa. Maziwa yaliyochemshwa au kupasteurishwa hayana tatizo hilo. Alama yao ng'ombe kwenye PB2 ni M631L, na kile cha yule mtu wa Texas hakikuwa nayo, ndo mana anakaa pembeni ya wengine. Mwanzoni mwa 2025 ng'ombe wa Nevada walipokutwa na D1.1, ilijulikana kwamba ni mruko mwingine mpya kutoka kwa ndege kwasababu walikaa mbali kabisa na ng'ombe wa kwanza.

Kuna kipengele wengi wanakipita. Unaweza kufungua miti miwili sambamba, mfano HA kushoto na PB2 kulia, na kila sampuli inaunganishwa kwa mstari. Mistari ikienda sawa maana yake vipande hivyo viwili vimesafiri pamoja. Ikipishana, kama nyuzi za wavu uliotatika, maana yake virusi viwili tofauti viliingia kwenye seli moja vikabadilishana vipande. Hii njia ni ya haraka kuliko makosa ya herufi moja moja, ndiyo iliyoleta janga la 1957, kirusi cha binadamu kilichukua vipande vitatu vya ndege, na la 1968 kilichukua viwili. B3.13 na D1.1 zenyewe ni matokeo ya kirusi kutoka Ulaya na Asia kuchanganyika na vya ndege wa Amerika. Hofu kubwa ya wataalamu ni mtu au nguruwe kuwa na mafua ya kawaida na ya ndege kwa wakati mmoja, ndo mana kuna nchi zinawashauri wafanyakazi wa mabanda makubwa wachanje mafua ya msimu, sio kwamba chanjo hiyo inazuia H5N1 bali inapunguza nafasi ya virusi viwili kukutana ndani ya mwili mmoja. Ni ushauri wa akili sana na kwetu sijausikia ukisemwa kwa wafugaji.

Sasa ile nusu nyota. Mti unaonyesha kilichopimwa tu. Kuku wakifa kijijini Singida au Busia watu wanasema mdondo, wanachinja waliobaki wanakula au wanauza, basi imeisha, hakuna sampuli hakuna doa. Januari 2017 H5N8, aina nyingine ya mafua ya ndege, ilipoingia Uganda ilianza kuonekana kwa ndege pori waliokufa Lutembe pembeni ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, ikakutwa pia kwa kuku na bata wa kufugwa Masaka, Kenya ikapiga marufuku kuku wa Uganda, wafanyabiashara wa mpakani wanakumbuka hasara ile. Ziwa ni moja na ndege hawana pasipoti, lakini ukiangalia ramani ya Nextstrain ukanda wetu una madoa ya kuhesabu na sehemu kubwa ni tupu, wakati Marekani na Ulaya zimejaa hadi madoa yanapandana. Mtu asiyejua anaweza kudhani utupu ule ni usalama. Sio kosa la waliotengeneza, hawawezi kuchora kisichopimwa, ila kwa mtumiaji wa huku hiyo ni pengo kubwa na lazima uitumie ukijua hivyo.

Pia mti unategemea maelezo yanayokuja na sampuli. Aprili 2024 serikali ya Marekani ilipotoa data za kwanza nyingi za ng'ombe ilizitoa bila tarehe kamili wala jimbo, zimeandikwa tu Marekani 2024, na watafiti walilalamika wazi mana bila hivyo vitu viwili huwezi kufuata kirusi kimetoka shamba gani kwenda wapi. Na ile animesheni ya ramani ambapo mistari inaruka nchi hadi nchi inavutia sana ila ni makadirio ya kompyuta kutokana na sampuli zilizopo, mstari kutoka nchi A kwenda B haumaanishi kuna bata alipita njia ile. Kuna mambo mengine muhimu ambayo rangi za mti hazikupi, mfano kinga tuliyonayo tayari miilini kutokana na mafua ya kawaida.

Upande wa matumizi, lugha ni Kiingereza cha kisayansi, ukitegemea Kiswahili utakwama, na kioo cha simu ni kidogo kwa mti wenye maelfu ya madoa. Tumia laptopu, ya rafiki au ya intaneti kafe, utaona tofauti. Kwa mwanafunzi wa mifugo SUA au Makerere, kwa afisa ugani, kwa mwandishi wa habari za afya hii nasema ni lazima. Kwa mfugaji mwenye kuku 200 sio lazima, yeye ajue tu kufungia kuku wasichanganyike na bata pori, aoshe buti, asile wala kuuza mzoga na atoe taarifa kwa ofisi ya mifugo kuku wakifa wengi kwa pamoja. Ila kila grupu la wafugaji liwe na angalau mtu mmoja anayejua kuusoma huu mti, ili ujumbe wa kutisha ukiingia saa nne usiku kuna mtu anafungua anaangalia kabla kuku hawajauzwa kwa bei ya kutupa.

Ukitaka kuanza usianzie H5N1, ina madoa mengi mno. Fungua H7N9 ya China, nayo ni aina nyingine ya mafua ya ndege, rangi iwe ya mwenyeji, uanzie 2013. Utaona ukoo uliopata watu zaidi ya 1,500 kwenye mawimbi matano, 600 na kitu wakafariki, wengi wao walipita kwenye masoko ya kuku hai, na virusi vingi vya ukoo huo vilikuwa tayari na L pale 226 ya hesabu ya H3. Alafu angalia baada ya Septemba 2017 China ilipoanza kuchanja kuku wake dhidi ya H7, madoa ya watu yanakatika karibu yote.